Nusu Kikombe cha Maharage

Kama umeanza kuvimba na watu wanakupongeza, usiwaamini. Mimi walinipongeza wiki tatu nzima, nami nikawashukuru mmoja mmoja.

Nauza maharage Nyabugogo. Soko zima wananiita Mama Maharage, ingawa jina langu ni Adventina na mtoto bado sijajaliwa. Masika ya mwaka juzi yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza nilipoamka asubuhi moja kope zimejaa kama za mtu aliyetoka msibani. Nikanawa, nikaenda kazini. Kufika mchana macho yalikuwa yamefunguka, ila uvimbe ulikuwa umehamia miguuni. Nilibonyeza ugoko kwa kidole gumba, shimo likabaki. Nikahesabu mpaka ishirini, lipo. Nikahesabu tena, maana mimi nahesabu kila kitu mara mbili, hata gunia lililoletwa na padri. Bado lilikuwa lipo.

"Mama Maharage, wabyibushye!" wakasema wapagazi wa stendi. Maana yake umenenepa, na Kigali hiyo ni zawadi. Anayekupa anasubiri utabasamu.

"Bwana yako iko anakutunza," akasema mmoja.

"Ananitunza kwa mikopo," nikamjibu, na wote tukacheka.

Kofia ya pikipiki ilianza kunigomea. Dereva wa moto, ndivyo tunavyoiita bodaboda, alijaribu kunivisha, ikakwama juu ya masikio. "Mama, kichwa yako imeongezeka."

"Ni akili."

"Basi leo akili itatembea kwa miguu," akasema, akachukua abiria mwingine.

Pete ya ndoa tuliivua kwa sabuni na mafuta, mimi na mume wangu Faustin, yeye akivuta, mimi nikimlaani. Faustin ni dereva wa familia moja kule Nyarutarama, mtu mpole, anaendesha gari la watu kama amebeba mayai. Siku ile alikaa kitandani ameishika pete kiganjani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Adve, hii ni kunenepa kweli?" Asubuhi hiyo nilikuwa nimeona mkojo wangu una povu jeupe kama la ndoo ya kufulia, povu lisilotaka kushuka.

Kituo cha afya walichovya kikaratasi kwenye mkojo wangu, wakaandika: Protéines, halafu misalaba mitatu, +++. Nilipokuwa shule, alama ya kujumlisha ilikuwa ya faida. Nikajua protini imenizidi. Nikaacha nyama, nikaacha maziwa, nikaacha hata maharage yangu mwenyewe, nikangoja. Baada ya siku kumi nilikuwa siwezi kuinama kufunga kiatu.

Wakaniandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Kule walipima damu, na karatasi ya damu ikasema protini iko chini sana. Niliziweka zote mbili mbele ya daktari, kijana mrefu mwenye miwani, nikamwambia, "Muganga, hapa mnasema imezidi, hapa mnasema imepungua. Sokoni mtu mwenye mizani mbili tunamfukuza."

Hakucheka. Aligusa karatasi ya kwanza, "Hii ni ya mkojo," akagusa ya pili, "na hii ni ya damu. Iliyozidi huku ndiyo iliyotoroka kule. Figo zako ni chekecheo, Mama. Matundu yamepanuka, na kinachotakiwa kubaki juu kinapita."

Chekecheo nakijua. Nimekishika tangu nina miaka tisa. Nikakijua pia kitu ambacho daktari hakukisema siku hiyo: chekecheo kikishapanuka matundu, hakuna fundi wa kuyarudisha. Unakitupa.

Walinichoma sindano ndefu mgongoni wakachukua kipande cha figo kidogo kama mbegu ya mchicha, nikalala kifudifudi nikihesabu vigae vya sakafu. Majibu yalipotoka, daktari akasema tutajaribu vidonge. Kumi na viwili kila asubuhi, kwa wiki kumi na sita.

"Kumi," nikasema.

"Mama, hapa si Nyabugogo."

"Kumi na moja."

"Kumi na viwili. Visipofanya kazi mpaka vuli ianze, figo zitaanza kuchakaa, na tutazungumza habari za mashine ya kusafisha damu."

Basi hicho ndicho kilichokuwa mezani. Kuanzia siku hiyo, kila nilichoweka mdomoni na kila nilichotoa kilikuwa ni kujadiliana na hiyo mashine.

Mashine yenyewe nilionyeshwa na Mzee Melkiori. Tulikutana kwenye chumba cha kungojea. Kina viti thelathini na viwili, kimoja kimevunjika mguu, na nesi anahesabu kile kilichovunjika kwa hiyo kila siku kuna mtu mmoja amesimama asijue kwa nini. Melkiori ni Mrundi, fundi cherehani kule Gitega, ile ya hapa Kigali, na aliponiona nimebana kitenge changu kwa pini nne alikunja uso kama daktari.

"Nani amekufanyia hii dhambi?"

"Mimi mwenyewe. Nimevimba, mzee."

"Kuvimba si sababu ya kuvaa pini." Akatoa futi mfukoni, akanipima kiuno pale pale mbele za watu. "Nitakuachia upindo mpana ndani. Ukipungua tunarudisha, ukiongezeka tunaachia."

Nikamuuliza yeye anaumwa nini. Akanyoosha mkono wa kushoto, nikaona mshipa umetuna kama kamba chini ya ngozi. "Mimi nina mashine mbili," akasema. "Moja inanilisha, nyingine inaniosha. Ile ya kuniosha inataka mara tatu kwa wiki, na haipokei udhuru." Alisema hivyo kwa mzaha, lakini alipoitwa jina aliinuka polepole, akiwa ameshika ukuta, na nilimtazama mpaka mlango ulipojifunga.

Nakuambia wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi kama lile: tafuta mtu wa kukaa naye. Daktari utamwona dakika kumi. Huyo wa jirani yako utamwona asubuhi nzima.

Vidonge vile vina tabia moja ambayo hakuna aliyenionya. Vinakupa njaa. Si njaa ya kawaida inayokuja ikabisha hodi. Hii ilikaa ndani kama mpangaji. Nilikuwa nauza maharage siku nzima, nayachota kwa mikono, nasikia yanavyolia yakianguka kwenye gunia, na mate yananijaa. Nilitamani makande. Makande ya mama yangu, mahindi na maharage yaliyochemka mpaka yakaacha kubishana, na kitunguu juu. Nilitamani chumvi. Niliota mchuzi. Uso wangu ukawa duara, mashavu yakasimama, ndevu chache zikaota kidevuni. Faustin aliniambia nimependeza, nikamwambia aangalie barabara.

Kiangazi kilipoingia, Mama alikuja.

Yeye anaishi Karagwe, Tanzania, huko huko niliko­kulia. Familia yetu ilivuka mpaka kabla sijazaliwa; mimi nilirudi Kigali msichana mkubwa, yeye akabaki na migomba yake. Alishuka kwenye basi na kuku wawili miguu imefungwa, na ndoo ya siagi ya ng'ombe. Aliponiona, kuku walimponyoka.

Hakunikumbatia kwanza. Aliinama, akapandisha sketi yangu, akabonyeza ugoko wangu kwa kidole. Akaliangalia lile shimo.

"Hii ni bwaki," akasema.

"Mama, bwaki ni ya watoto wenye njaa. Mimi nauza chakula."

"Naijua bwaki, Adventina."

Bwaki. Ule ugonjwa wa vijijini, mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyepesi na rangi ya kutu. Fikiria aibu yangu: mwanamke mwenye magunia arobaini ya maharage, wananiuguza bwaki. Nilimwonyesha karatasi za hospitali. Alisoma mstari mmoja tu, ule wa damu, protini iko chini. Kwa Mama kesi ilikwisha pale.

Akaanza kunilisha. Nilimweleza kwamba kule hospitali nimepewa kipimo, protini kidogo, chumvi hakuna. Aliitikia. Mama anajua kuitikia. Aliweka mezani ugali kidogo na mchicha, akanitazama nikila, akaguna. Faustin naye akaja siku moja na kopo kubwa jeusi alilopewa na kijana wa bosi wake, picha ya mwanaume ana misuli mpaka shingoni.

"Iko na amino asidi zote," akasema, akisoma kwa kidole. "Zimeandikwa hapa. Lu-sini. La-i-sini."

"Faustin, huyo mtu kwenye kopo anaumwa figo?"

"Anaonekana hana shida."

Nikamwambia alirudishe. Akasema sawa.

Wiki ya nane, misalaba mitatu. Wiki ya kumi na mbili, mitatu. Nilikuwa nameza vidonge vyangu kumi na viwili, navihesabu, navirudia, nameza. Ile chumvi sikuigusa. Na damu ikaanza kusema jambo jingine, figo zinachoka. Daktari hakutaja mashine. Aliniambia nimlete mtu wa nyumbani ziara ijayo, ili tuzungumze kwa pamoja. Nilirudi kwa miguu kutoka kituo cha basi, na kila aliyenipita barabarani nilimhesabia figo mbili.

Mayai ndiyo yaliyomuumbua Mama. Trei ina mayai thelathini, na nyumbani kwetu mlaji wa mayai ni Faustin peke yake, moja asubuhi. Jumatatu nilihesabu trei mpya. Alhamisi nikahesabu kumi na manne. Nikahesabu tena, kumi na manne. Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anakoroga uji wangu.

"Mama, mayai yamekwenda wapi?"

"Mayai?"

"Trei ilikuwa thelathini."

"Faustin anakula."

"Faustin akila mayai manne kwa siku tungeshamzika."

Aliendelea kukoroga. Nikachukua mwiko mkononi mwake, nikaonja. Chini ya mtama kulikuwa na yai, na chini ya yai kulikuwa na dagaa waliosagwa, na kulikuwa na utamu wa ajabu wa vanila ambao haukutoka Karagwe. Nikafungua kabati. Kopo jeusi lilikuwa pale, nusu.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja."

"Wiki saba, Mama! Wiki saba mnanitilia! Unajua mashine ni kitu gani? Unajua Mzee Melkiori anafungwa kwenye kiti mara tatu kwa wiki?" Nilipiga kelele. Njaa ya vidonge ilikuwa inapiga kelele pamoja nami, maana uji ule, Mungu anisamehe, ulikuwa mtamu, na hata wakati nalia nilitamani kuulamba ule mwiko.

Mama alizima jiko. Akaketi kwenye kigoda, akafuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena.

"Ulikuwa na kaka mdogo," akasema.

Nilijua. Deo, alikufa mimi nina miaka mitano. Nyumbani tulisema alikufa kwa homa.

"Haikuwa homa. Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia kijiji kile, shamba si letu, tulikuwa tunapewa ndizi. Ndizi zilikuwepo. Nilimpa ndizi asubuhi, ndizi mchana. Alikuwa anashiba, Adventina, tumbo linajaa, anasinzia. Akaanza kunenepa uso na miguu. Watu walinipongeza kwa yule pia." Akakunja pindo la kanga. "Mpaka leo sijui nilikosea wapi. Sikumnyima. Halafu nakuja hapa nakukuta na miguu ile ile, na karatasi imeandikwa protini iko chini, na wewe unaniambia nikupimie kwa kijiko."

Nikaketi sakafuni kando ya kigoda chake.

Tulikwenda hospitali wote watatu, na daktari baada ya kusikia habari ya uji aliondoa miwani, akaisugua, akatupeleka kwa mtaalamu wa lishe. Aliitwa Solange, binti mwembamba, mdogo kwangu kwa umri, mkubwa kwa cheo tu. Nilitarajia amgombeze Mama. Hakumgombeza. Aliangalia mkono wa Mama, akamwita kwa heshima ya bibi mzee, "Mukecuru, naomba rozari yako kidogo."

Mama akampa, kwa wasiwasi, kama mtu anayeazima mtoto.

Solange akaishika juu. "Protini iko hivi. Ni shanga zimetungwa kwenye uzi mmoja. Kila shanga inaitwa amino asidi. Tofauti ni kwamba rozari yako shanga zote zinafanana, lakini hizi ziko za aina ishirini, na mpangilio ndio unaofanya huu uwe ukucha, ule uwe nywele, ule uwe nyama." Akashika fungu moja la kumi katikati ya vidole viwili. "Kipande kifupi hivi, wanaita peptidi. Ikiwa ndefu sana, shanga mia na mia, halafu ikajikunja," akaifinyanga rozari yote ndani ya ngumi, "hapo ndiyo protini. Yai ni hivyo. Harage ni hivyo."

"Kwa hiyo nikila yai, linakwenda kuwa mimi," akasema Mama.

"Hapana. Tumbo lako halipokei rozari ya mtu mwingine. Linaikata yote, shanga moja moja. Halafu mwili unaanza kutunga ya kwake upya. Lakini aina tisa kati ya zile ishirini, mwili hauwezi kuzitengeneza. Lazima zije na chakula."

"Tisa za kununua," nikasema, "kumi na moja tunalima wenyewe."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndiyo. Na aina moja ikikosekana, kutunga kunasimama pale pale. Hata kama nyingine umejaza ghala."

Mimi nimeuza maharage miaka kumi na saba, na nimeona wanawake wananunua maharage kwangu, wanavuka njia kununua mahindi, na sijawahi kuuliza kwa nini mikono yao inakwenda huko yenyewe. Solange akaeleza: harage lina upungufu wa shanga moja, na hindi linayo, hindi nalo lina upungufu wa nyingine, na harage linayo. Ukivichemsha pamoja vinafidiana.

"Makande," akasema Mama.

"Makande, Mukecuru. Bibi zetu walijua kabla ya maabara."

Nilimwona Mama anainua kichwa kidogo. Halafu nikaona swali linamjia, na nilitaka kumzuia, lakini lilikuwa limesubiri miaka mingi kuliko umri wa yule binti.

"Na ndizi?" akauliza. "Ndizi ina shanga?"

Solange alimtazama. Sijui alisoma nini usoni pale. "Kidogo sana," akasema. "Ndizi inashibisha. Ina nguvu. Lakini shanga ni chache sana. Mtoto mdogo akila ndizi tu, tumbo linajaa na mwili unakosa cha kutungia."

"Nusu kikombe cha maharage kingetosha? Kwa siku. Kwa mtoto wa miaka mitatu."

Nje nesi alikuwa anaita namba. Faustin alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Pengine, Mama," akasema Solange. "Pengine kingemsaidia. Lakini wewe ungekipata wapi?"

Mama hakulia. Alinyoosha mkono, akarudishiwa rozari yake, akaishika kwa njia nyingine, akiitazama shanga kwa shanga kama kitu alichokiona leo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepatana bei, "Haya. Na huyu wangu mkubwa, ambaye figo zinavuja. Yeye anataka ngapi?"

"Kwake shida si kukosa shanga, Mukecuru. Mfuko umetoboka. Ukijaza kupita kiasi, tundu linapanuka. Yeye anataka kidogo, lakini iliyo kamili." Akaandika: nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa, na mahindi. Yalowekwe, yachemshwe, maji ya kwanza yamwagwe. Yai moja, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kopo lirudi kwa mwenye misuli.

Sitaki kukudanganya kwamba mayai ndiyo yaliyoniumiza, au kwamba nusu kikombe ndicho kilichoniponya. Siku ile ile daktari aliniongezea dawa ya pili, na nilipomuuliza baadaye ipi iliyofanya kazi alipandisha mabega. Ninachojua ni mpangilio. Vuli ilianza na misalaba mitatu. Mvua zilipofika katikati, miwili. Nilikiangalia kile kikaratasi, nikamwomba nesi achovye kingine. "Mama, mbili ni mbili," akasema, lakini alichovya. Miwili.

Miguu ilianza kutoa maji. Nilikojoa uvimbe wangu kidogo kidogo, na Mzee Melkiori akawa anarudisha upindo, kidole kimoja kila ziara. "Unaniharibia kazi," ananiambia. "Kitambaa chote kinarudi ndani." Bado anakwenda kwenye mashine yake. Siku nyingine anashona akiwa na plasta mkononi.

Mama ndiye aliyebadilika kuliko mimi. Alichukua kikombe kimoja cha bati, akakwangua mstari katikati kwa msumari. Alipika makande yangu kwa sufuria la peke yake, akayachota mpaka kwenye mstari, akayasawazisha kwa mgongo wa kisu. Nikijaribu kumchombeza, "Mama, kijiko kimoja tu," alikuwa anatikisa kichwa bila kuniangalia. Nilikuwa nimeyatamani makande yale kiangazi kizima. Sasa yalikuwa mbele yangu, chumvi hakuna, hesabu kamili, na mama yangu amesimama kando kama karani wa ghala. Nilimkumbuka Mama wa zamani, ingawa alikuwa chumba hicho hicho nami. Nilimkumbuka yule mwizi wa mayai.

Aliondoka kabla ya Krismasi, migomba ilikuwa inamwita. Nilimsindikiza stendi. Wapagazi wakampokea mzigo wakamwambia, "Mukecuru, mtoto yako amekonda, ananyimwa nini?" Mama akawageukia akawaambia kwa fahari kabisa, "Anapona."

Kutoka Karagwe alipiga simu kila jioni, kabla ya rozari. Mama wengine wanapiga kuuliza, umekula? Yeye aliuliza, "Umekula ngapi?" Nikimwambia nusu, anauliza nusu ya kikombe kipi. Nikimwambia yai, anauliza jana pia ulikula? Hakuuliza kitu kingine. Alikuwa anaogopa sahani yangu. Nilikuwa nakata simu nimekaa na ile njaa ya zamani, si ya tumboni tena, maana vidonge vilikuwa vimepunguzwa kimoja kimoja kupitia Januari na Februari mpaka nikabaki na viwili, halafu kimoja, na njaa yao ilikuwa imehama. Hii nyingine ilibaki.

Masika yalirudi. Mwaka mmoja kamili tangu wapagazi wanipongeze. Nilikaa kwenye kiti namba saba, Melkiori kwenye namba nane. Nesi alichovya kikaratasi, akakiweka mezani. Hapakuwa na msalaba. Kulikuwa na rangi hafifu ambayo hawaiandikii hata alama. Nilimwomba achovye kingine, naye alikuwa ameshakishika mkononi.

Daktari alisoma karatasi ya damu kutoka juu mpaka chini. "Figo zimesimama pale zilipo," akasema. "Hazijarudi zote, na hazitarudi zote. Lakini zinatosha. Sitaki kukuona mpaka miezi mitatu ipite. Mashine tunawaachia wenye shida nayo."

"Na kipimo?"

"Kipimo kiache. Kula kama watu wengine. Chumvi kidogo, na usifanye fujo."

"Nyama?"

"Mama, nimesema usifanye fujo."

Nilitoka nikashuka mpaka Gitega, nikaingia mgahawa wa melanje, ile ya kujipakulia mara moja tu, sahani ijae utakavyo lakini hurudi tena. Nilijenga sahani yangu kama mtu anayejenga ghorofa. Wali, isombe ya kisamvu, mahindi, na juu yake maharage, vijiko vitatu vikubwa, nikaongeza cha nne, na mwenye mgahawa akanitazama tu. Nilikula yote. Nilipangusa mchuzi kwa kipande cha ndizi ya kuchemsha. Mkanda wa sketi, kazi ya Melkiori, ulinibana kwa haki kabisa.

Nikatoka nje, nikampigia Mama. Nilimweleza yote, kikaratasi cha kwanza na cha pili, alichosema daktari, neno kwa neno. Nilisikia kuku, na mtu anachanja kuni.

"Kwa hiyo hakuna kipimo," akasema.

"Hakuna, Mama."

"Amesema hivyo mwenyewe? Yule wa miwani?"

"Mwenyewe."

Nikafikiri simu imekatika. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika:

"Umekula?"

Nilisimama pale mbele ya mgahawa, nimeshiba mpaka kooni, mdomo bado una ladha ya maharage.

"Bado, Mama," nikasema.

"Bado? Saa nane hii bado? Unazunguka mjini na tumbo tupu, umetoka kuugua juzi, huyo Faustin yuko wapi, hakuna mtu wa kukupa hata uji? Ungekuwa hapa..."

Nikakaa kwenye ngazi za duka la jirani, nikamsikiliza ananigombeza mpaka salio likaniishia.